Mama Ruixue wa Tangi la Saba

Tk. Tk. Tk-tk.

Mlio huo Luan Shuqin alikuwa akiusikia hata akiwa nyumbani anamenya vitunguu saumu. Ulikuwa mlio wa vali ya amonia ikifunguka na kujifunga juu ya tangi. Aliusikia mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na tisa, siku alipoingia karakana ya uchachushaji kwa buti za kiume zilizompwaya, na fundi aliyemfunza kazi akamsimamisha chini ya bomba na kumwambia atege sikio.

"Ndani mle kuna bakteria," fundi alisema. "Wakila sukari wanatoa uchachu. Uchachu ukizidi, vali inafunguka, amonia inaingia kuupoza. Ukisikia vali inakwenda mbio, ujue wamenona. Ikinyamaza, usifikiri mara mbili, kimbia uniite."

Alikaa akiisikiliza hiyo vali mpaka nywele zikaingia mvi, na labda ndiyo iliyomfanya asijue kutulia. Alikula amesimama. Kwenye basi alisimama mlangoni hata viti vikiwa vitupu. Akialikwa kwa watu, alikaa ukingoni mwa kile kitanda cha matofali kinachopashwa moto, nusu ya tako juu, nusu hewani, kama mtu aliyeambiwa gari linakuja. Karakanani walimwita Upepo. Mumewe, Gai Changlin, alikuwa na maneno yake: "Wenzangu walioa wanawake. Mimi nilipewa feni."

Mji wao unaishi kwa mahindi. Vuli ikifika, malori yanapanga foleni kutoka lango la kiwanda mpaka darajani, madereva wanatafuna mbegu za alizeti na kutukanana kwa furaha. Mahindi yanageuzwa wanga, wanga unageuzwa sukari, sukari wanapewa bakteria, na bakteria wanatoa laisini, zile chembe za rangi ya mchanga zinazochanganywa kwenye chakula cha nguruwe na kuku. Zamani magunia yake yalikuja kwa meli kutoka Japani na yalifungwa stoo kwa kufuli kama dawa ya binadamu. Siku hizi ni wao wanaoyapeleka bandarini, yakiwa na maandishi ambayo mpakiaji hawezi kuyasoma.

Binti yao Ruixue alipokuwa mdogo alirudi kutoka shule analia, wenzake wamemwambia mama yake ananuka mkate uliovunda. Luan akampangusa kamasi na kumwambia, "Nguruwe akila mahindi matupu hakui. Ni kama kujenga nyumba una mbao tele, huna misumari. Mama yako anatengeneza misumari. Kesho waulize, mama zao wanatengeneza nini?"

Wakati huo Changlin alifuga nguruwe uani kwa wazazi wake, pembezoni mwa mji. Watu walitania kwamba ndoa ile ilipangwa na wizara: mke anapika, mume analisha. Kila mwezi wa mwisho wa mwaka walichinja nguruwe mmoja, wakapika nyama na kabeji ya chachu na soseji za damu kwenye sufuria moja kubwa, na jirani aliyesikia harufu hakuhitaji mwaliko.

Kisha ikaja homa ya nguruwe. Watu waliovaa mavazi meupe walifika na trekta, wakachimba shimo nyuma ya ghala, wakawafukia nguruwe wote, wakamwaga chokaa. Changlin aliingia ndani na kukaa humo majira yote ya baridi. Barafu ilipoyeyuka alikwenda kuandikishwa kwenye shamba jipya la kampuni, lile jengo la ghorofa ambalo nguruwe wanapanda lifti na watu wanafungiwa humo humo pamoja nao. Mtu anayeingia anaoga, anatengwa siku kadhaa, anaoga tena, anaacha nguo zake zote, na hata miwani inafutwa kwa dawa. Akishaingia, hatoki mpaka miezi ipite.

Kwa hiyo walikuwa mume na mke waliokutana kwa msimu. Na walipokutana, mume katoka kuogeshwa kwa ajili ya nguruwe, mke katoka kuogeshwa kwa ajili ya bakteria, wakalala ubavu kwa ubavu kama sahani mbili zilizotoka kuoshwa. Luan alikuwa akimnusa shingoni gizani, akimtafuta. Hakunuka kitu.

Aprili moja Changlin alipiga simu kutoka ndani ya shamba. Sauti yake ilikuwa na mwangwi, kama ya mtu aliye kwenye birika.

"Alhamisi natoka, Mama Ruixue. Mpaka Jumatatu."

"Siku chache hivyo?"

"Wanataka kunipandisha. Niwe msimamizi wa ghorofa nzima. Lakini ni kwa mkataba wa miaka mitatu, na mapumziko yatakuwa machache kuliko sasa. Wewe waonaje?"

Luan alikuwa jikoni, amesimama, simu kaibana kwa bega. Jibu alikuwa nalo. Alikuwa nalo hata kabla ya swali. Aliukodolea macho ukuta.

"Njoo kwanza ule," alisema.

Kilichomfunga mdomo kilikuwa cha zamani. Ruixue alipokuwa bado anabebwa mgongoni, Changlin aliwahi kupata kazi katika mji wa Dalian, kwenye jiko la wafanyakazi wa bandari, na chumba cha familia juu yake. Alirudi jioni uso unang'aa, akatoa begi, akaanza kukunja mashati. "Twende," alimwambia. "Nakuomba." Luan alicheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyeambiwa auhamishe mto na maji yake. "Sasa matangi yangu nimwachie nani?" Changlin alibaki ameshika shati, kisha akalitundika tena kwenye msumari wake. Begi likarudi chini ya kitanda. Hakuligusia tena jambo hilo, wala kwa hasira, wala kwa utani, na hicho ndicho kilichomuuma Luan kila alipokumbuka. Mtu aliyecheka namna ile, aseme leo "ubaki" kwa mdomo gani?

Siku ya Alhamisi aliingia zamu ya asubuhi. Mbavu alikwisha nunua, kabeji ya mwisho ya msimu aliiacha mtungini, saa nane angetoka. Alizunguka karakana, akapanda ngazi, akashuka, akagusa mabomba kwa mgongo wa mkono.

Teng Baoku, mwenzake wa zamu, mnene na mwenye maneno, alikuwa anakunywa chai kwenye chupa. "Dada Upepo, punguza. Ukizunguka hivyo utatoboa sakafu, uwaangukie panya walio chini yake."

"Wewe kunywa chai yako."

"Shemeji anakuja leo, eh? Ndiyo maana umepaka mafuta usoni. Nilidhani bomba limevuja."

Alikuwa amefungua kinywa amjibu, akakiacha wazi. Tangi la saba lilikuwa limenyamaza.

Wote wawili walisikia. Teng aliweka chupa chini polepole. Kwenye kioo cha vipimo, hewa iliyokuwa ikimezwa na bakteria ilianza kupanda, maana hapakuwa na wa kuimeza, na joto likawa linashuka. Luan alikinga kikombe kwenye bomba la sampuli. Supu ya tangi lenye afya ni nzito, ya rangi ya maziwa yaliyotiwa yai. Hii ilikuwa nyepesi, na mtu angeweza kuona kidole chake upande wa pili.

"Mlaji," Teng alisema, na safari hii hakutania.

Mlaji ni kirusi, mdogo kuliko bakteria mwenyewe. Hana mguu wala jino, lakini akiingia tangini anawapasua kutoka ndani, mmoja baada ya mwingine, na kabla ya mchana kwisha tangi refu kama jengo linakuwa maji ya kunawia. Kila karakana ya aina yao ina hadithi yake ya mlaji, na kila mtu huisimulia kwa sauti ya chini.

Fundi mkuu Qiao alifika mbio, koti wazi, miwani imejaa ukungu. Akaamuru mvuke ufunguliwe, tangi lichemshwe lote, milango ifungwe. Hakuna wa kutoka karakanani. Mtu akitoka na mlaji kwenye nywele, kesho ni karakana ya pili, na keshokutwa ni mji mzima kukosa mshahara. Nguo zote zikachemshwe. Watalala bweni la ndani mpaka vipimo viseme pako safi.

"Mpaka lini?" Luan aliuliza.

"Mpaka pawe safi, dada."

Qiao alizunguka kutafuta mlaji kaingilia wapi. Alifungua mlango wa nyuma, akasimama pale pale. Wengine wakachungulia nyuma ya mabega yake.

Theluji ilikuwa imeyeyuka wiki chache kabla. Uwanja mzima ulikuwa wa kijivu, mkavu, pepo za Aprili zinaukwangua vumbi. Pembeni mwa mlango tu, hatua mbili tatu kutoka kizingitini, palikuwa na duara la majani mabichi, marefu, ya kijani cha kunona.

Hapakuwa na haja ya kuuliza nini kilichoyarutubisha. Sheria inasema sampuli ikishapimwa, mabaki yake yapelekwe kwenye sufuria ya kuchemshia, ng'ambo ya uwanja, yakauawe ndipo yamwagwe. Lakini wakati wa baridi uwanja ule ni kioo kitupu, pua inaganda kabla hujafika katikati, na kikombe kikimwagwa mlangoni kinagonga ardhi tayari ni jiwe. Kilichoganda huonekana kama kimekufa. Nani alianza? Hakuna aliyeanza, kila mmoja alimkuta mwenzake akifanya. Theluji ilifunika, wakasahau. Chini yake bakteria walilala wazima, na jua lilipowaamsha, mlaji alikuwa amekwisha wafuata. Upepo ukafanya yaliyobaki, maana bomba la kuvutia hewa ya matangi lilikuwa juu ya mlango ule ule.

Qiao aliyatazama majani kwa muda. Kisha alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Leteni chokaa," alisema tu.

Changlin alikuja langoni kesho yake mchana, akiwa na sufuria iliyofungwa kwa taulo.

"Mama Ruixue!"

Luan alitoka mpaka kwenye kamba iliyofungwa uwanjani. Kati yao palikuwa na kamba, uwanja, mstari mweupe wa chokaa, lango, na mlinzi. Changlin alikuwa amekonda. Kofia ilikuwa ile ile.

"Mzee, usivuke mstari!" mlinzi alipaza sauti.

"Nimeuona. Ninakotoka mimi mistari ni mingi kuliko nguruwe." Akamgeukia Luan. "Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekupikia kabeji yako na mbavu."

"Sufuria haiingii," mlinzi alisema.

"Basi mtu atoke."

"Mtu naye hatoki."

Nyuma ya Luan, Teng na wenzake wa zamu walikuwa wamejipanga dirishani. "Shemeji!" Teng alipiga kelele. "Rusha ubavu mmoja, nitaudaka kwa mdomo!"

"Na ukikukaba?"

"Nizikwe nao!"

Watu walicheka, na Changlin naye alicheka. Kisha kicheko kikamtoka usoni, akasogea mpaka viatu vikaugusa ule mstari.

"Wamenipigia tena," alisema. Alilazimika kupaza sauti, upepo ulikuwa unayachukua maneno. "Gari la shamba linawachukua watu Jumatatu asubuhi. Nikipanda, nimekubali ile miaka mitatu. Nisipopanda, wanampa mwingine, na mimi nitafute kibarua hapa hapa mjini. Wewe waonaje?"

Luan alitupa jicho nyuma. Dirishani wote walikuwa wamemkodolea macho. Mlinzi alijifanya anatazama barabara.

"Mimi nione nini?" alijibu kwa kelele. "Mwenye miguu ni wewe. Fanya unavyoona!"

Changlin aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeuliza saa akaambiwa. Aliweka sufuria juu ya meza ya mlinzi. "Kuleni nyinyi, isipoe." Akaondoka, mgongo wake ukapita kati ya malori mawili, na hakuonekana tena.

Zile siku mbili zilizofuata Luan alifanya kazi ya watu watatu. Walipitisha mvuke kwenye kila bomba, wakasugua sakafu, wakasugua ngazi, wakapaka dawa kuta. Asubuhi alikuwa juu ya tangi, mchana chini yake. Bwenini alipewa kitanda, akakitandika, hakukilalia. Alitembea kutoka dirisha la mashariki kwenda la magharibi, mpaka wenzake wakaanza kumrushia viatu.

"Dada," Teng alimwambia Jumapili, wakiwa wamechuchumaa na brashi, "hilo bomba lina kosa gani?"

"Bomba gani?"

"Hilo. Unalisugua tangu tulipotoka kula. Litakuwa sindano." Akasubiri. "Kwa nini hukumwambia abaki?"

"Nani kakuambia nataka abaki?"

"Hakuna. Nimeota."

Luan alisugua kidogo. "Aliniomba mimi, zamani. Nifuatane naye. Nikamcheka."

"Ukamcheka."

"Ndiyo."

Teng alifikiri, akajikuna shingo kwa mpini wa brashi. "Basi na yeye akucheke. Ukishachekwa, utakufa? Mke wangu ananicheka kila siku, tazama nilivyonenepa."

Kilichobaki ni vipimo. Qiao alikuwa amepanda bakteria kwenye visahani vya kioo na kuvinyunyizia vumbi la kila pembe ya karakana. Palipo na mlaji, utando wa bakteria hutoboka vijishimo, kama shati lililoliwa na nondo. Pakiwa safi, utando hubaki mzima. Luan alikwenda kwenye kabati la visahani mara nyingi mpaka Qiao akasimama mlangoni na kulikinga kwa mwili.

"Dada Luan, ukilifungua kila saa vitapoa, na tutaanza upya."

"Sikugusa. Nilitazama."

"Basi katazame pengine."

Asubuhi ya Jumatatu Qiao aliviinua visahani kimoja kimoja mbele ya dirisha. Watu wazima walisimama nyuma yake kama watoto wanaosubiri peremende. Kimoja, kizima. Cha pili, kizima. Alipofika cha mwisho alikigeuza, akakigeuza tena, kisha akatoa pumzi.

"Nendeni nyumbani," alisema. "Na mtu akimwaga tena kitu mlangoni, nitamchemsha mwenyewe."

Koti la Luan lilikuwa bado limelowa kutoka kwenye pipa la kuchemshia. Alivaa la Teng, akapotea ndani yake, mikono inaning'inia kama ya mwanasesere, nywele mbichi, akatoka langoni anakimbia. Alisimamisha pikipiki ya magurudumu matatu, akakataa kukaa, akasimama nyuma ameshika chuma, dereva anamlaani na vumbi la Aprili linampiga machoni. "Harakisha, kaka." "Mama, hii si ndege!" "Basi ifanye iruke!"

Gari la shamba lilikuwa limekwisha fika. Basi dogo jeupe, limeegeshwa chini ya jengo lao, madirisha yamefungwa, na ndani wanaume watano sita wenye nyuso za watu ambao wamekwisha anza kuhesabika kuwa hawapo. Dereva alipiga honi. Luan alipanda ngazi mbili mbili.

Mlango ulikuwa wazi. Begi lilikuwa kizingitini, limefungwa. Changlin alikuwa jikoni, mikono imejaa unga mpaka viwikoni, anafinya jiaozi.

Kwao, anayefika hupokewa kwa tambi, na anayeondoka hupewa jiaozi, vile vifuko vya unga vyenye nyama ndani, na anayezipika ni yule anayebaki. Hivyo ndivyo walivyowaaga wazazi, ndivyo walivyomuaga Ruixue alipokwenda kusini kutafuta kazi. Hakuna mtu anayejitengenezea jiaozi zake mwenyewe za kuagwa. Luan alisimama mlangoni na koti la Teng, akamtazama mumewe akijiaga.

"Nani kakuambia ujipikie hizo?"

Changlin alishtuka, akageuka, akamtazama kutoka nywele mpaka mikono ya koti. "Umemla Teng?"

"Nimekuuliza."

"Sasa nimsubiri nani? Mpishi yuko kifungoni." Akarudi kwenye unga. "Wamewaachia?"

"Pako safi." Alinawa mikono, akakunja mikono ya koti, akachukua kipande cha unga kutoka mbele yake. "Umezijaza mno. Hizi zitapasuka."

"Zipasuke. Wa kuzila ni mimi."

"Na chumvi umetia?"

"Nimetia. Nafikiri nimetia."

Wakafinya wote wawili, bega karibu na bega. Maji yalianza kunguruma kwenye sufuria. Chini, honi ililia tena, ndefu kuliko ile ya kwanza. Changlin alitazama begi, akatazama jiaozi, chache tu, zimepinda kila moja upande wake.

"Hakuna muda wa kuzichemsha," alisema. "Utakula wewe." Akafungua dirisha kwa kiwiko, akapaza sauti: "Nakuja! Nanawa mikono!"

Akafungua bomba. Unga ukamtoka vidoleni, mweupe, ukaingia kwenye shimo la sinki. Luan alikuwa ameshika kifuko kimoja kisichotaka kufungana, nyama inatokeza pembeni, naye anakifinya, anakifinya, macho hayainui.

Alisema kitu.

"Eh?" Changlin alifunga bomba. "Unasemaje?"

Sufuria ilinguruma. Chini mtu aliliita jina lake. Luan alikiweka kile kifuko mezani, na mara hii sauti yake ilikuwa ndogo zaidi kuliko mara ya kwanza.

"Baba Ruixue," alisema, "nakuomba ubaki."